Laini Mbili Mfukoni: Simu na Daraja la Rusizi II

Upande wa Rwanda wanaandika Rusizi, kwa s. Upande wa Kongo wanaandika Ruzizi, kwa z. Mto ni ule ule, unatoka Ziwa Kivu na kuteremka mpaka Tanganyika, na mama aliyebeba beseni la nyanya kichwani hana muda wa kubishana juu ya herufi moja. Pale Bukavu inapogusana na Cyangugu kuna vivuko viwili. Rusizi I uko jirani na mji wa zamani wa Cyangugu, mto unapotoka ziwani. Rusizi II uko chini kidogo. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tulipita kimojawapo, wengine zaidi ya mara moja, na si kila mara tulipita kwa amani.

Ukimtajia fundi wa umeme "Ruzizi II" atafikiri kitu kingine kabisa: mtambo wa umeme ulioanza kazi mwaka 1989, mali ya Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule, chini ya kampuni yao ya pamoja, SINELAC. Nchi hizo tatu zilikuwa zimeunda jumuiya yao, CEPGL, tangu mwaka 1976. Kwa hiyo umeme ulijua kuvuka mpaka zamani, kabla ya simu. Simu zilipokuja, kila nchi ilisimamisha minara yake na kuweka bei yake, na daraja likabaki katikati. Makala hii ni historia ya hapo katikati, pamoja na mambo niliyoyaona nikiwa fundi wa simu, kwanza Bukavu, halafu huku kambini. Wafanyakazi wa mashirika wanaotusoma nao wana la kwao humu, nitawafikia.

Kabla ya minara tulikuwa na fonie. Wazee wa Bukavu wanaikumbuka: redio ya mawimbi, antena ya waya juu ya paa, mtu anapiga kelele "naam, naam, nakusikia, ongea" ili habari ifike Shabunda au Kamituga. Mtaa mzima ulisikia nani amezaa na nani ana deni. Halafu ikaja Julai 1994, Wanyarwanda kwa mamia ya maelfu wakavuka kuingia Kivu, na mwaka 1996 vita vikaanza upande wa Zaire, njia ikageuka. Katika miaka ile aliyempoteza mtoto au mke alikuwa na karatasi ya Msalaba Mwekundu tu. Unaandika habari za familia peke yake, bila siasa, barua inaachwa wazi ili isomwe, na inatembea kambi hadi kambi. Anwani haikuwa namba. Ilikuwa jina la baba, jina la mama, jina la kilima ulichozaliwa, na jina la kambi.

Huduma hiyo haijafa, na naisema hapa mwanzoni kwa sababu vijana wengi hawaijui. Ukipoteza simu ukapoteza na namba zote, mtu wako hajapotea. Msalaba Mwekundu bado wanatafuta watu kwa majina, na wakimbizi wa Burundi walipofika Mahama mwaka 2015 waliwapa nafasi ya kupiga simu bure nyumbani. Lakini watakuuliza maswali yale yale ya zamani: jina la baba, jina la mama, kilima. Kijana anayejua namba ya rafiki yake kwa kichwa lakini hajui jina kamili la bibi yake, aulize leo.

MTN ilianza Rwanda mwaka 1998. Upande wa Kongo Celtel ilitangulia, Vodacom ikaanza mwaka 2002. Simu ilikuwa kitu cha mkubwa. Uniti zilikuwa ghali, na ndipo watu wakavumbua kubipa: unapiga, inalia mara moja, unakata. Mtafiti mmoja, Jonathan Donner, alizungumza na watu wa Rwanda juu ya jambo hili na mwaka 2007 akachapisha utafiti wake kuhusu sheria za kubipa. Sheria zenyewe sisi tulikuwa tunazijua bila kufundishwa: mwenye pesa ndiye anayepiga, mchumba wa kiume habipi, na mdeni akimbipa anayemdai, huo ni utovu wa adabu. Kubipa mara mbili maana yake nimefika. Hakuna kampuni iliyouza huduma hiyo. Watu waliitengeneza wenyewe ndani ya bei iliyowashinda.

Sasa sikia hii. Mwaka 2006 Celtel ilianzisha mpango wa mtandao mmoja kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 2007 ikauleta mpaka Kongo. Mteja wa Bukavu angeweza kwenda Nairobi au Dar es Salaam na laini yake, akapiga kwa bei ya mwenyeji. Jambo kubwa, magazeti ya dunia yaliandika. Lakini Celtel haikuwa Rwanda. Yaani yule mteja wa Bukavu alikuwa nyumbani Mombasa, na alikuwa mgeni Kamembe, mahali anapopaona kutoka dirishani kwake.

Ikatokea tena, kwa upande wa pili. Mwishoni mwa 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilikubaliana kushusha bei za kupigiana simu ndani ya Afrika Mashariki. Mtu wa Kamembe akaanza kupiga Kampala kwa bei nafuu. Bukavu je? Kongo haikuwamo, iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mara mbili mtandao mmoja ulipita juu ya daraja letu kama ndege, bila kutua.

Basi watu wakajifanyia wenyewe. Mwanamke anayevusha samaki au unga akawa na simu mbili: moja ya Kongo, moja ya Rwanda. Halafu zikaja simu za laini mbili. Transsion, kampuni ya Kichina iliyoanzishwa mwaka 2006, yenye Tecno na itel, ilipata soko Afrika kwa sababu ilielewa kitu ambacho makampuni makubwa hayakukitilia maanani, kwamba mtu wetu hana mtandao mmoja. Wengine wanasema laini mbili ni tabia ya wahuni na wenye nyumba ndogo. Pale Rusizi II laini mbili zilikuwa chombo cha kazi, kama mizani.

Wateja wangu wa kwanza walinijia na lalamiko moja: "Fundi, simu yangu iko inakula uniti peke yake." Hawakuwa na wazimu. Simu haioni mto. Inatafuta mnara wenye nguvu, na ukikaa karibu na mpaka, mnara wenye nguvu unaweza kuwa wa nchi ya pili. Ukiwa Nguba, jikoni kwako, simu inaweza kujiona iko Rwanda, na laini ya Kongo ikaanza kulipa bei ya msafiri. Kama intaneti iko wazi, programu zinajisasisha zenyewe usiku, asubuhi uniti zimeisha. Dawa ni mambo mawili. La kwanza, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, ondoa ile alama ya kuchagua mtandao wenyewe, halafu chagua kwa mkono mtandao wa nchi uliyopo. La pili, zima intaneti ya ugenini. Iko hapo hapo, kitufe kimoja kwa kila laini. Kumbuka tu kwamba siku utakapovuka au kusafiri mbali lazima urudishe chaguo la mwenyewe, la sivyo utakaa bila rezo na kudhani simu imekufa. Nimewahi kuletewa simu kama hiyo kutoka mbali, mwenyewe amelipa gari, na kazi ilikuwa ya nusu dakika. Sikumtoza.

Nizungumzie na kununua, maana soko la simu kuukuu ni soko letu. Zamani hatari ilikuwa betri bandia. Siku hizi hatari kubwa haionekani kwa macho. Tangu mwaka 2015 hivi simu za Android zina kufuli: simu ikifutwa bila kuondoa akaunti ya Google ya mwenyewe wa kwanza, ikiwaka inadai barua pepe yake na neno lake la siri. Muuzaji atakuonyesha simu inayowaka vizuri, inapiga picha, inaimba. Utafika nyumbani uifute uanze upya, na hapo umebaki na kioo. Kwa hiyo usilipe mpaka muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, aifute simu mbele yako, na wewe uiwashe mpaka mwisho, ifike kwenye skrini ya kawaida. Akisema hana muda, na wewe huna pesa. Bonyeza *#06# uone namba ya utambulisho wa simu, ulinganishe na iliyo kwenye boksi kama boksi lipo, na uiandike mahali pengine si ndani ya simu hiyo. Siku ikiibwa polisi watakuuliza namba hiyo.

Kadi za kuhifadhi picha nazo zina ujanja wake. Kuna kadi zimeandikwa giga 64 nje, ndani ni 4 au 8 zilizodanganywa zijiite 64. Zinapokea picha, zinaonyesha majina ya picha, ukifungua hakuna kitu. Picha za harusi za watu zimekwenda hivyo. Jaribio ni kuijaza: nakili video mpaka ikaribie kujaa, halafu fungua ya kwanza na ya mwisho. Ikishindwa, rudisha siku hiyo hiyo.

(Ndani ya kila simu hizi kuna tantali, na tantali inatoka kwenye koltani, na koltani nyingi inatoka kwenye vilima vya kwetu. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei yake ilipaa duniani, na RCD, waliokuwa wakitawala mashariki, wakaipa kampuni moja haki ya kuiuza peke yake. Mwaka 2010 Marekani ikaweka sheria ya kuyataka makampuni yake yaseme madini yao yanatoka wapi. Habari hiyo inahitaji makala yake, na mtu mwingine aiandike. Mimi nasema tu kwamba tunanunua tena, kwa bei ya duka, kitu kilichopita darajani ndani ya gunia.)

Mwaka 2013 Rwanda iliandikisha laini zote. Muda ulipoisha, mwezi wa Julai, laini isiyo na jina ilifungwa. Nchi nyingine za Afrika nazo zilifanya hivyo miaka ile ile, kwa sababu za usalama na wizi. Serikali ilikuwa na sababu zake. Ila kwa watu wa daraja jambo lilikuwa zito. Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa na laini ya Rwanda kwa biashara, aiandikishe kwa kitambulisho gani? Mkimbizi aliyefika juzi, karatasi bado haijatoka, afanye nini? Wakafanya kile ambacho watu hufanya. Walimwomba mwenye kitambulisho: mwenye nyumba, dereva wa pikipiki, mteja wa nyanya, wakala wa kampuni anayetaka kuuza. "Niandikishie, ndugu yangu." Akaandikisha. Kwa wema, mara nyingi. Na laini ikaanza kufanya kazi, ikafanya kazi miaka.

Shida ya laini ya jina la mtu mwingine haionekani siku ya kwanza. Inaonekana siku simu inaibwa.

Mama mmoja jirani yangu kambini alikuwa na laini ya namna hiyo. Aliandikishiwa na mtu mwema wa Kamembe siku za mwanzo, kabla hajapata kitambulisho cha mkimbizi. Namba hiyo ndiyo aliyoiandikisha kila mahali: kwenye shirika, kwenye kituo cha afya, kwa kaka yake aliyeko Uvira, kwenye kikundi cha kuweka akiba. Pesa zake za akiba zilikuwa ndani ya laini hiyo. Simu ikaibwa sokoni. Akaenda kwa kampuni ya simu, sitaitaja, akaomba laini mpya yenye namba ile ile. Wakamwambia aje mwenye jina. Mwenye jina alikuwa amehamia Kigali, na namba yake ilikuwa ndani ya simu iliyoibwa. Mama alirudi mara tatu, kila mara nauli. Walikuwa wanafuata sheria, na sheria hiyo hiyo ingemlinda kama jina lingekuwa lake. Katika wiki zile alitafutwa kwa simu juu ya rufaa ya mtoto wake kwenda hospitali ya mkoa. Aliyepiga hakumpata. Kwenye faili pakaandikwa kwamba mhusika hapatikani.

Mtoto alienda baadaye, nafasi nyingine ilipopatikana. Lakini yale maneno, "hapatikani", nimeyafikiri sana. Mama alikuwa hapo hapo, mita mia mbili kutoka ofisini. Kisichopatikana kilikuwa laini.

Kwa wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa, naomba hivi. Mnapoandika namba ya mtu, ulizeni swali la pili: laini hii ina jina la nani? Andikeni na namba ya jirani au ya kiongozi wa kijiji cha kambi. Na kabla ya kufunga faili kwa sababu simu haikuita, mtumeni mtu atembee. UNHCR yenyewe ilitoa utafiti mwaka 2019 kuonyesha jinsi masharti ya kitambulisho yanavyowanyima wakimbizi simu, na mwaka huo huo Uganda ikakubali karatasi za ofisi ya Waziri Mkuu zitumike kuandikisha laini za wakimbizi. Jambo hili linaweza kurekebishwa. Limerekebishwa mahali.

Kwa sisi wenyewe: kama sasa una kitambulisho cha mkimbizi, hamisha laini iwe jina lako wakati yule mwema bado yuko hai na bado mnapatana. Nendeni pamoja, yeye na kitambulisho chake, wewe na chako. Hapa Rwanda *125# inakuonyesha ni laini zipi zimeandikishwa kwa kitambulisho chako. Ibonyeze hata kama huna wasiwasi. Wengine wamekuta laini wasiyoijua, wakala aliitumia namba yao kumwandikishia mtu. Laini hiyo ikitapeli mtu, polisi wanakuja kwako.

Weka na PIN ya laini yenyewe, tofauti na ile ya skrini. Mwizi akitoa laini yako akaiweka kwenye simu yake, skrini yako haimzuii kitu. Anapokea ujumbe wako wote wa siri. PIN ya laini ndiyo inamzuia. Ukikosea mara tatu inadai PUK, namba nane ambazo kwa kawaida zimeandikwa kwenye ile plastiki laini iliyokuja nayo. Usitupe plastiki hiyo. PUK ikikosewa mara kumi laini imekwisha.

Turudi darajani. Tarehe 30 Desemba 2018 Kongo ilipiga kura, na tarehe 31 serikali ikakata intaneti nchi nzima. Ilirudi baada ya siku 20 hivi, Januari 2019. Haikuwa mara ya kwanza. Januari 2015 ilikatwa vilevile. Bukavu watu wakageukia mto. Laini ya Rwanda, ile ya kuuza samaki, ikawa dirisha la mji. Vijana walisimama sehemu zinazotazama Rwanda, mkono juu, wakitafuta rezo ya ng'ambo. Wengine walivuka asubuhi, wakasoma habari Kamembe, wakarudi kusimulia mtaani, yaani fonie imerudi. Na wote waliotumia laini ya Rwanda siku zile walitumia jina la Mnyarwanda fulani aliyekubali kuwaandikishia. Watu wanapenda kuandika juu ya chuki ya mpaka huu, nami siwakatazi, lakini hiyo nayo iandikwe.

Kuna kichekesho cha siku ile ile. Tarehe 31 Desemba 2018 ndiyo WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Nokia za zamani zile za S40. Intaneti iliporudi Januari, wenye simu hizo wakaja kwangu wakiilaani serikali: "Wengine wamefunguliwa, mimi Kabila amenifunga kabisa." Nikawaeleza kwamba safari hii si Kabila. Hawakunisadiki. Ukinunua simu kuukuu leo, uliza toleo lake la Android na uhakikishe WhatsApp bado inakubali kuwekwa hapo hapo dukani, kabla pesa haijatoka.

Habari ya pesa nitaipitia haraka, maana kila mtu ana yake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, MTN ikaleta pesa za simu Rwanda mwaka 2010, Vodacom ikaleta M-Pesa Kongo mwaka 2012, yenye mifuko miwili, franga na dola. Mwanzoni mwa 2014 WFP ilianza kuwapa wakimbizi wa Gihembe pesa kwa njia ya simu badala ya chakula. Machi 2020 korona ikafunga mpaka, na Rwanda kwa miezi mitatu ikaondoa ada za kutumiana pesa kwa simu. Wafanyabiashara wa Rusizi II waliokuwa wakivuka kila siku wakaanza kubadilishana bila kuvuka: unampa mtu franga za Rwanda kwenye simu yake huku, ndugu yake anakupa pesa za Kongo kwenye laini yako kule. Ilifanya kazi kwa kuaminiana. Februari 2025 M23 walipoingia Bukavu mabenki yakafunga milango, pesa ikabaki ndani ya simu, na kuitoa ikawa kukatwa.

Wezi nao wamefuata pesa. Ujumbe wa "umepokea pesa" unaandikwa na mtu yeyote. Usisome ujumbe, soma salio. Akipiga mtu analia kwamba ametuma kwako kwa bahati mbaya, angalia salio kwanza. Kama kweli pesa imeingia, mwambie akaiombe kampuni irudishe, usiitume kwa mkono wako. Ukiombwa namba sita zilizoingia kwenye simu yako, huyo anachukua WhatsApp yako, hata kama anaongea kwa sauti ya mchungaji. Na anayekuomba pesa ili jina lako lisogezwe mbele kwenye orodha ya kwenda Marekani au Canada ni mwizi. Huduma za UNHCR ni bure, zote.

Bado kuna laini za Kongo ambazo wengi wetu tumezihifadhi kwenye kipande cha kitambaa, kama ufunguo wa nyumba tuliyoiacha. Naelewa. Lakini laini isiyotumika kampuni huifunga, na baadaye namba huuzwa kwa mwingine. WhatsApp yako inaweza kuendelea kuishi kwa namba ya Bukavu huku laini imekufa, mpaka siku mtu mpya wa namba hiyo aifungue kwake; wewe unatupwa nje, na vikundi vya ukoo vinaanza kuongea na mgeni. Kabla ya hapo ingia kwenye mipangilio, kwenye akaunti, tumia "badilisha namba", uhamie namba ya hapa. Weka ulinzi wa hatua mbili wenye namba sita unazozijua wewe tu. Akaunti ya Google nayo, kama inategemea laini ya Kongo ili kukutambua, iongezee njia nyingine: inaweza kukupa namba kumi za akiba, za matumizi ya mara moja. Ziandike kwenye karatasi. Nasema karatasi, ile inayowekwa pamoja na cheti cha ubatizo na kadi za chanjo, ndani ya mfuko wa nailoni, ile unayoshika kwanza mtu anapobisha usiku.

Na jambo dogo la mwisho. Bukavu na Kamembe ni saa moja. Mto hauna saa mbili. Kinshasa iko nyuma kwa saa nzima. Sasa simu au kompyuta ukiiambia uko Kongo mara nyingi inakupa majina mawili tu, Kinshasa na Lubumbashi, na mtu wa Kivu anachagua Kinshasa kwa sababu ndio mji mkuu. Anafika kwenye mahojiano saa nne akidhani ni saa tatu. Aliyeko Bukavu achague Lubumbashi. Aliyeko hapa achague Kigali.